Karani wa Kijani

"Huyu ndiye aliyechoma sayari zangu," Wanjiru aliwaambia manesi wenzake, huku amenishika mkono kwa nguvu kana kwamba ningetoroka. Tulikuwa mtaa wa Moseley, huku kwa Waingereza, katika ukumbi wa kanisa uliofungwa maputo kila pembe, kwenye chakula cha mchana cha kumuaga kazini. Manesi vijana walicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka mkubwa wao anaposema jambo wasilolielewa. Binti yake, Ciku, ambaye siku hizi ana mtoto wake mwenyewe, aliuliza kwa Kiingereza ni sayari gani hizo, na mama yake akamjibu kwa Kiswahili, "Wewe kula kwanza." Hakueleza, nami sikueleza, maana pilau ilikuwa inapoa na hotuba zilikuwa bado. Lakini ndani ya treni ya kunirudisha Leicester nilijikuta natabasamu peke yangu mpaka abiria wa mbele yangu akahamia kiti kingine. Miaka ishirini na kitu imepita, na yule mama bado anazikumbuka sayari ambazo hazikuwahi kuwepo popote isipokuwa kwenye kompyuta yangu nzito ya mtumba, katika sebule ya nyumba ya kupanga Washwood Heath.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba za matofali mekundu zilizoegemeana, karibu na kiwanda cha magari ya mizigo, na tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Unguja, nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya kompyuta nikiwa na miaka ishirini na tisa. Chumba cha juu alikaa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi aliyepanga masanduku katika ghala moja la jirani, mtu mrefu, mpole, ambaye zamani alikuwa mkalimani na bado alivaa tai siku za Jumapili. Na chumba cha nyuma alikaa Wanjiru, nesi kutoka Nyeri, aliyenizidi miaka kumi. Nilimwita Dada Wanjiru, naye aliniita msichana, hata mbele ya watu. Jiko lilikuwa dogo kiasi kwamba mmoja akifungua tanuri, wengine wawili ilibidi watoke. Wanjiru alinunua nyama Alum Rock, kwa wauzaji wa halali, ili tuweze kupika chungu kimoja, na hakuwahi kulitaja jambo hilo kama fadhila. Jumamosi Kasongo alitupikia sombe, yaani kisamvu, ya pakiti zilizogandishwa, Jumapili mimi nilipika wali na mchuzi wa nazi ya kopo, na siku zilizobaki tulikula ugali wa Wanjiru, ambao ukiutazama vibaya anakuongezea.

Mada ya tasnifu yangu niliona haya kuitaja nilipopiga simu nyumbani. Nilikuwa nachunguza jinsi wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta wanavyofanya diplomasia katika magemu ya vita vya anga. Gemu nililotumia lilikuwa hivi: unapewa sayari moja na vyombo viwili vya kusafiria, na kuna madola mengine manne ambayo nyuma yake hakuna mtu, ni kompyuta tupu. Mnacheza kwa zamu. Unaweza kupigana na jirani, na unaweza kuzungumza naye: kuomba amani, kutoa zawadi, kufunga mkataba. Kazi yangu ilikuwa ile sehemu ya kuzungumza. Kila dola nililipa namba moja ya siri, namba ya mapenzi na chuki. Ukimpa zawadi namba inapanda, ukijenga kituo cha jeshi karibu na mpaka wake inashuka, na ikishuka vya kutosha anakuja. Msimamizi wangu, Mwingereza mwenye ndevu za rangi ya karoti, alisema wazo ni zuri ila nahitaji watu wa kulijaribu, watu wasiojua magemu. Nilirudi nyumbani nikiwaza nitawapata wapi.

Alasiri moja Wanjiru alirudi kutoka kazini, akajaza beseni maji ya moto na chumvi, akalileta sebuleni, akatia miguu ndani na kukaa nyuma yangu. Alikuwa amesimama tangu alfajiri katika nyumba ya kutunzia wazee huko Sutton Coldfield. Akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Hiyo ya kijani ni nini?" akauliza.

"Ni jirani yangu, Dada. Nimemwomba amani, amekataa."

"Umemkosea wapi?"

"Sijamkosea. Namba yake tu iko chini."

"Hakuna mtu anakataa amani bure. Hebu sogea." Nilisogea, akavuta beseni kwa vidole vya miguu mpaka mbele ya meza, akaniambia nimwoneshe pa kubonyeza. Akamwomba yule wa kijani amani kwa niaba yangu. Jibu likaja, maneno yale yale niliyoyaandika mwenyewe: OMBI LAKO LIMEKATALIWA. Wanjiru akarudi nyuma kwenye kiti kana kwamba amepigwa kofi. "Ala! Huyu ako na madharau. Ni kama karani wa wilaya." Tangu siku hiyo dola la kijani, ambalo kwenye karatasi zangu lilikuwa Mpinzani wa Tatu, likaitwa Karani, na mimi nikawa nimempata mtu wa majaribio.

Nilimfungulia gemu lake mwenyewe. Alicheza karibu kila alasiri aliyowahi kurudi, miguu ikiwa ndani ya beseni, na alicheza kwa namna ambayo sikuwahi kumwona mtu akicheza. Hakujenga jeshi ila la kujilinda. Alitengeneza sayari kumi na moja, akazipa majina ya watu wa kwao na ya wazee aliowatunza kazini, na akafanya amani na kila mtu. Karani ndiye aliyemsumbua. Alimpa sayari nzima, yenye madini, na Karani alishukuru mstari mmoja, baada ya zamu tano akarudia ubaridi wake. Ni Kasongo aliyegundua siri. Alisimama mlangoni na bakuli lake la uji, akatazama zamu kama kumi, akatikisa kichwa.

"Mama Wanjiru, huyu muntu hajue bukubwa ya kintu. Anahesabu mara tu. Umupe kidogo, lakini kila siku."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo sana. Ile ya kumusalimia tu."

Wanjiru akaanza kumpa Karani kipande kimoja cha chuma kila zamu, na namba ikapanda kama lifti. Nilipofungua programu niliona Kasongo amesema kweli: nilikuwa nimehesabu idadi ya zawadi, sikuhesabu thamani. Nilitaka kurekebisha kosa lile siku ile ile. Wanjiru alinikataza. "Wacha hivyo. Hata watu ni hivyo." Basi likabaki, nikaliandika kwenye tasnifu kama jambo lililokusudiwa, na nikiri hapa kwamba halikukusudiwa.

Kwa nini mtu mzima, nesi wa miaka kumi na tano ya kazi, alikuwa anamletea karani wa kubuni vipande vya chuma? Nilielewa pole pole, kwa kusikia. Ukuta kati ya sebule na jiko ulikuwa mwembamba, na Wanjiru alipenda kumwambia Kasongo mambo wakati wa kuosha vyombo, pengine kwa sababu Kasongo alijua kunyamaza. Kumbe kazi aliyofanya Sutton Coldfield haikuwa unesi. Wakati ule nesi aliyesomea ng'ambo alipaswa kwanza kufanya kazi miezi kadhaa chini ya usimamizi, kisha msimamizi atie saini kwamba anafaa, ndipo aandikishwe. Wanjiru aliahidiwa miezi minne. Nilipohamia pale alikuwa na mitano, na Krismasi ilipita akiwa na minane, analipwa kama msaidizi, anakunja mashuka. Bila ile saini hakuweza kupata kazi hospitali, na bila kazi hospitali hakuweza kumleta Ciku, ambaye alikuwa na miaka sita na anakaa kwa bibi yake. Saini ilikuwa mkononi mwa meneja aliyeitwa Maureen.

"Leo ananishika bega, ananiita mpenzi," nilimsikia akimwambia Kasongo, maji ya bomba yakimwagika. "Kesho namuuliza karatasi, anasema tuone mwezi ujao. Kesho kutwa hanioni hata nikiwa mbele yake. Mimi sijui nimemkosea wapi."

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza nini? Ndiye ako na kalamu."

Nilisikia yote hayo nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, na ningependa kusema kwamba yalinifanya niwe mwangalifu. Hayakunifanya. Mwezi Machi msimamizi wangu alicheza toleo langu kwa nusu saa, akaniambia wapinzani wangu ni laini kama uji, mtu yeyote anaweza kuwanunua. Aliniagiza niongeze kanuni moja: jirani akiwa na nguvu chini ya nusu ya nguvu zako, mvamie, hata kama ni rafiki. Niliiandika asubuhi moja, nikahitaji gemu refu la kuijaribia. Refu kuliko yote lilikuwa la Wanjiru. Nikalifungua, nikapitisha zamu ishirini, nikamwona Karani akivuka mpaka na vyombo vyake vyote, nikafurahi kwamba kanuni inafanya kazi. Nikaandika matokeo kwenye daftari. Na kwa mazoea ya mkono, bila kufikiri, nikahifadhi juu ya gemu lake, lile la kwanza likafutika.

Aliporudi siku ile mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Nilisikia beseni likiwekwa chini, kompyuta ikivuma, kisha kimya. Nilipokwenda kutazama, alikuwa amekaa wima, miguu bado mikavu, na kwenye skrini sayari zake zilikuwa tatu. Nyingine zote zilikuwa kijani. Siku ile, nilikuja kujua baadaye, ndiyo Maureen aliyomwambia wasubiri mpaka kiangazi.

"Alinipiga," alisema. "Na nilikuwa nimempa kila siku."

"Ni mimi, Dada. Nilikuwa najaribu kanuni mpya. Nilisahau kuhifadhi pembeni."

Alinigeukia polepole. "Wewe ndiye ulimwambia anipige?"

Nikaanza kumweleza habari za msimamizi, na nusu ya nguvu, na jinsi kompyuta isivyojua urafiki. Alinyanyuka katikati ya maelezo yangu, akalibeba beseni na maji yake yote, akaenda chumbani kwake. Jioni ile alipika ugali wa watu wawili. Kasongo alitazama sufuria, akanitazama mimi, akanigawia nusu ya wake, na hiyo ilikuwa aibu kubwa zaidi ya kunyimwa. Siku tisa tuliishi namna hiyo. Wanjiru hakunitukana wala kunipita bila salamu, alinisalimu kila asubuhi kwa jina langu kamili, Rukia, na sikujua mpaka hapo jinsi nilivyozoea kuitwa msichana.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Kasongo alikuwa amekwenda kanisani na tai yake. Nilimkuta Wanjiru jikoni anapiga pasi sare, nikasimama mlangoni kwa kuwa nafasi ya kuingia haikuwepo.

"Dada, nisamehe," nilisema. "Sikujali. Niliona ni gemu tu, na lilikuwa lako."

Aliendelea kupiga pasi kola. "Si sayari, msichana," akasema, na moyo wangu ukaruka kwa lile neno. "Hizo nitajenga zingine. Unajua ni nini iliniuma? Nilikaa pale nikiangalia huyo Karani, nikarudi nyuma zamu zote, nikitafuta mahali nilimkosea. Nilitafuta kweli kweli. Nikaona ni vile natafuta kwa Maureen. Mtu akikupiga na hasemi kwa nini, unaanza kujipiga mwenyewe." Akaigeuza sare. "Kama hiyo mashine yako ingesema tu: wewe uko mdogo na mimi niko mkubwa, ndio maana. Ningekasirika nilale. Lakini haisemi. Inasema ombi lako limekataliwa."

Nilirudi sebuleni, nikafungua programu, na kwa majuma matatu yaliyofuata sikuandika kitu kingine. Niliwafanya wapinzani waseme sababu. Kila namba iliyopanda au kushuka niliipa sentensi yake. Wanjiru alizisahihisha sentensi zile akiwa na miguu ndani ya maji, maana yangu zilikuwa za kikarani. "Tumekasirika kwa kuwa umejenga kituo mpakani kwetu." "Tunakupenda, lakini tunamwogopa jirani yako zaidi." Na ile ya kanuni ya msimamizi, ambayo tulibishana juu yake alasiri nzima mpaka tukabaki na hii: "Hujatukosea. Tumeona wewe ni dhaifu." Msimamizi wangu hakuzipenda. Alisema mpinzani anayetangaza sababu zake anampa mchezaji silaha. Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba watu wangu wa majaribio walicheza muda mrefu zaidi na walirudi hata baada ya kushindwa. Watu wangu wa majaribio walikuwa wawili. Hakuuliza idadi mpaka mwisho, na hapo akainua nyusi, akaniacha.

Siku moja ya mwezi Mei Wanjiru aliingia jikoni na koti lake mwilini, akakaa bila kulivua. Kasongo na mimi tulikuwa tunakula.

"Nimemuuliza," alisema. "Nimemwambia, Maureen, leo sikuulizi lini. Nakuuliza kwa nini."

Kasongo aliweka kijiko chini. "Akasema?"

"Alienda akafunga mlango. Nikafikiri sasa nimefutwa. Akakaa, akasema, nikisaini utaondoka. Ati wanne kabla yangu wameondoka wiki ile ile, na hana mtu anaweza kuachia wale wazee." Alifungua kifungo kimoja cha koti, akasahau vingine. "Miezi kumi na tatu nikifikiri ni kazi yangu mbaya. Kumbe ni vile ni nzuri."

"Ule ni bubaya," Kasongo alisema. "Ni bubaya kabisa."

"Ni ubaya. Nimemwambia hivyo, kwa uso wake. Halafu nikamwambia, saini mwezi huu, na mimi nitakaa mpaka Septemba iishe, utafute mwingine. Tukashikana mikono."

"Hamukuandika?"

"Hatukuandika."

Maureen alitia saini. Nilidhani sehemu ngumu imekwisha, lakini Julai hospitali moja ikampigia Wanjiru simu, wana nafasi, aanze mara moja. Tulikuwa sote sebuleni. Alisema anaweza kuanza Oktoba. Wakamwambia hawaahidi kumshikia. Alipokata simu Kasongo alimwambia waziwazi kwamba neno la mdomo kwa mtu aliyekudanganya halina uzito, na mimi, Mungu anisamehe, nilimuunga mkono, nikamwambia amfikirie Ciku. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akilia. Alilia akiwa amesimama, akijifuta kwa mgongo wa mkono, akasema amekwisha kumwambia mtu atakaa. Akaenda kazini Agosti yote na Septemba yote, basi mpaka mjini, kisha treni, na kila jioni tulitazama bahasha zilizoanguka mlangoni bila kukiri kwamba tunatazama. Nilimaliza tasnifu, nikapita kwa alama za wastani. Barua ya hospitali ilikuja juma la mwisho la Septemba. Nafasi ilikuwepo. Wanjiru aliisoma mara tatu, akampa Kasongo aisome kwa sauti, kisha akanipa mimi, kana kwamba kila msomaji angeweza kukuta maneno tofauti.

Najua sasa kwamba ingeweza kuja barua ya kumkatalia. Nimefanya kazi na kompyuta maisha yangu yote, na ningekuwa ndiye niliyeandika kanuni za mwaka ule, Wanjiru angeondoka Julai na hakuna ambaye angemlaumu.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba niliteremka nikakuta jiko limejaa moshi wa mafuta na Wanjiru anapika chapati, nguo nzuri ya kanisani chini ya aproni. Nilimuuliza ni za nani.

"Za Maureen. Amenialika chakula kwake."

"Mkataba si umekwisha, Dada? Mtu aliyekuzuia mwaka mzima unampikia chapati?"

"Umekwisha," alisema, akageuza chapati kwa vidole. "Lete taulo safi, tufunge kabla hazijapoa." Nikaleta. Tukazipanga kwenye sahani yake ya maua, tukazifunga, nikamsindikiza mpaka kituo cha basi.

Alirudi alasiri, bado kuna jua, na sahani haikuwa tupu. Juu yake kulikuwa na matufaha yaliyookwa, yamefunikwa unga uliofikichwa na siagi, nasi watatu tukayala palepale kwa vijiko vitatu, tumesimama, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukaa.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amekula nne. Ya kwanza ameipaka siagi na jemu."

Kasongo alisimamisha kijiko hewani, akamtazama kwa masikitiko ya kweli. "Jemu? Kwa chapati?"

"Jemu ya stroberi. Nikamwacha tu," Wanjiru alisema, akikwangua pembe ya sahani. "Jumapili ijayo nitampelekea na mchuzi."